Meli za utalii zifike bandari mpya? Historia inatujibu nini



Kuko swali lenye halikosi kati ya watu wanaopenda kusafiri na zile meli kubwa za utalii: sosiete za meli ziongeze bandari mpya, ao ziendelee na zile zile za kila siku? Wateja wa zamani wanalalamika kama wamechoka kuona visiwa vile vile kila mwaka. Sosiete zinajibu kama bandari mpya ni gharama. Kila mmoja anasema kwa upande wake, na kwa kawaida mtu wa tatu haulizwi: yule mwenye anaishi kwenye bandari.

Tuelewane kwanza juu ya kitu chenyewe. Meli ya kawaida inakutoa Uvira inakufikisha Kalemie, kazi yake imeisha. Meli ya utalii inakubeba, inakulalisha, inakulisha, inakuchezesha muziki, na nyuma ya siku saba inakurudisha palepale ilikutoa. Bandari zenye inapitia katikati si mwisho wa safari. Ni sehemu ya bidhaa, kama vile chakula na kitanda.

Juu ya nini mambo haya yatuhusu siye wa Kongo? Pwani yetu ya bahari haifiki kilometa 50. Lakini pale Banana bandari ya maji marefu iko inajengwa, jiwe la msingi liliwekwa Januari 2022. Na hapa kwetu mashariki, kila mara tunasikia miradi ya utalii kwenye ziwa Kivu na Tanganyika, kila mmoja na ahadi ile ile: watalii watakuja, wenyeji watauzisha, franga itaingia. Ahadi hiyo imeisha kutolewa kwenye bandari nyingi za dunia. Fasi zingine ilitimia, fasi zingine hapana. Historia ndiyo inaweza kutuonyesha tofauti ilitoka wapi.

MELI YENYE ILIKOSA KAZI

Tuanze Ujerumani, mwaka 1891. Sosiete ya Hamburg yenye kuitwa HAPAG ilikuwa na meli nzuri, Augusta Victoria, yenye ilikuwa inabeba watu kati ya Ulaya na New York. Wakati wa baridi, bahari ya Atlantiki ya kaskazini inakuwa mbaya na abiria wanapungua sana. Meli inalala bandarini, lakini mishahara na deni havilali. Mkubwa mmoja wa sosiete, Albert Ballin, akafikiri: juu ya nini tusiipeleke kwenye jua? Tarehe 22 Januari 1891 meli ikatoka Cuxhaven na abiria 241, ikazunguka bahari ya Mediterania karibu miezi miwili. Abiria walifika hata Misri, Yerusalemu, Constantinople na Athens. Wenzake wengi walikuwa wameona wazo hilo ni la kichaa. Nyuma ya safari ile sosiete zingine zikaiga.

Angalia vizuri chanzo cha safari ile. Hakuna mtu wa Misri mwenye aliandika barua kuomba watalii. Hata abiria wenyewe hawakuwa wameomba. Meli ilikuwa imekosa kazi, ikatafutiwa njia. Bandari ilichaguliwa juu ya mahitaji ya meli.

Miaka 75 nyuma yake, kitu kile kile kikarudi. Ndege za jeti zilianza kuvuka Atlantiki na abiria mwaka 1958, na kwa muda mfupi meli za abiria zikapoteza soko. Kuvuka bahari kulikuwa kunaomba siku tano ao sita, jeti ikafanya saa saba ao nane. Mwaka 1966 tajiri mmoja wa Norway, Knut Kloster, alikuwa na meli mpya, Sunward, yenye ilijengwa ifanye kazi kati ya Uingereza na Gibraltar. Siasa kati ya Uingereza na Hispania ikaharibu mpango, meli ikabaki bila kazi. Kule Miami kulikuwa Ted Arison, yeye alikuwa na abiria lakini amepoteza meli. Wakakutana. Mwezi wa Desemba 1966 Sunward ikaanza kutoka Miami kwenda Nassau, kisiwani Bahamas, safari za siku tatu ao nne. Hapo ndipo soko la leo la Karibiani lilizaliwa. Baadaye Arison aliachana na Kloster, akaanzisha Carnival mwaka 1972.

Mara ya tatu: meli ya Wafaransa yenye kuitwa France, mita 315, iliwekwa pembeni Le Havre tangu 1974 juu mafuta yalipanda bei na serikali ikakata msaada. Mwaka 1979 Kloster akainunua, akaibatiza Norway, na mwaka 1980 ikaanza kazi Karibiani. Ilikuwa kubwa kupita gati nyingi za visiwa, kwa hiyo ilibidi kusimama mbali na kushusha watu na boti ndogo.

Meli tatu zenye zilikosa kazi, majibu matatu, na katika kila jibu ramani ilichorwa ofisini. Siwalaumu. Sosiete ni sosiete, inatafuta kulipa deni. Lakini mwenye anataka kuelewa juu ya nini bandari za watalii zinafanana, aanzie hapo.

JUU YA NINI WANARUDI PALE PALE

Mteja mwenye anauliza "juu ya nini hamufiki fasi zingine" ana haki ya kuuliza. Lakini kuko sababu tatu ngumu, na tuziangalie kama watu wa hesabu.

Ya kwanza ni saa. Mfanyakazi wa Marekani mara nyingi ana juma moja tu la kupumzika. Meli inatembea karibu kilometa 37 kwa saa ikienda noti 20. Ikitoka bandari jioni na kufika asubuhi, saa 12, imefanya kama kilometa 440. Chora duara kutoka Miami na hesabu hiyo, weka siku saba, weka na kurudi: utaona visiwa vyenye vinafikiwa ni vichache. Kapiteni anaweza kuongeza mwendo, lakini nguvu ya injini yenye inaombwa inapanda haraka sana kuliko mwendo wenyewe. Ukiongeza noti chache, mafuta yanakula faida yote.

Ya pili ni sheria. Marekani ina sheria ya mwaka 1886 inayokataza meli ya bendera ya kigeni kubeba abiria kati ya bandari mbili za Marekani bila kupitia inchi nyingine. Meli nyingi za utalii zinabeba bendera ya Bahamas, Panama ao inchi zingine za namna hiyo. Njo maana meli yenye inatoka Seattle kwenda Alaska inasimama Canada, mara nyingi mji wa Victoria, hata kama ni saa chache za usiku. Wakati wa Covid Canada ilipofunga bandari zake, ilibidi bunge la Marekani lipitishe sheria ya muda mwaka 2021 ili meli ziende Alaska bila kusimama. Kwa hiyo kuko bandari zenye ziko kwenye programu juu ya sheria ya miaka zaidi ya mia moja, si juu ya uzuri wao.

Ya tatu ni ukubwa. Meli zimekua kupita kiasi. Sunward ya 1966 ilikuwa inabeba mamia ya watu. Icon of the Seas, yenye ilianza kazi Januari 2024, inaweza kubeba abiria mpaka 7,600, na wafanyakazi zaidi ya 2,000. Ni mji mzima unaotembea. Meli ya namna hiyo haiwezi kuingia popote. Inaomba maji marefu, gati refu, mabasi, polisi, vyoo, na mji wenye unaweza kupokea maelfu ya watu asubuhi na kuwaachilia jioni.

Na miji mingine imeanza kukataa. Venice, mwaka 2021, serikali ya Italia ilikataza meli zenye kupita tani 25,000 kuingia katikati ya mji. Dubrovnik ilipunguza idadi ya meli kwa siku. Bar Harbor, mji mdogo wa jimbo la Maine kule Marekani, wakaaji walipiga kura mwaka 2022 kwamba abiria wenye kushuka wasipite 1,000 kwa siku. Hawa watu si masikini wenye kukosa akili ya biashara. Waliona kama mtalii mwenye analala na kula ndani ya meli anawaachia kelele na msongamano kuliko faida.

Sasa unaona mchezo. Meli inakuwa kubwa ili bei ya kitanda ishuke. Ikiwa kubwa, bandari zenye zinaweza kuipokea zinapungua. Zikipungua, mteja anachoka. Mteja akichoka, anaomba fasi mpya. Sosiete ilipata jibu gani?

BANDARI YENYE ILITENGENEZWA KWA FENSI

Jibu lilikuwa kujitengenezea fasi yao wenyewe. Mwaka 1977 sosiete ya Kloster ilijipatia kisiwa kidogo Bahamas, Great Stirrup Cay. Wengine wakafuata. Kwenye kisiwa cha sosiete, sosiete ndiyo yenye kuuzisha bia, kukodisha kiti, kuchoma nyama. Franga ya mtalii inatoka mfuko wa kushoto wa meli inaingia mfuko wa kuume wa meli.

Lakini mfano wenye unatufundisha zaidi ni Labadee, kaskazini mwa Haiti, karibu na mji wa Cap-Haïtien. Royal Caribbean inakodi fasi ile tangu mwaka 1986. Ni bara, si kisiwa cha peke yake, kwa hiyo imezungushiwa fensi. Abiria anashuka, anaogelea, anakula chakula chenye kimetoka ndani ya meli, anaweza kununua vitu vya mikono kwa wauzaji wenye wana ruhusa, anarudi. Mtalii hatembei kwenda Cap-Haïtien. Kwa muda mrefu matangazo yalikuwa yanapenda kusema "Hispaniola" kuliko kusema Haiti, na abiria wengine walishuka pale bila kujua kama wamekanyaga inchi ya kwanza ya watu weusi kujikomboa, ile ya 1804.

Tuwe wa haki. Sosiete inalipa Leta ya Haiti dola kadhaa kwa kila mtalii mwenye anashuka. Ilijenga gati kubwa lenye liliisha mwaka 2009 ili meli zake kubwa zaidi zifike. Inapatia kazi watu mamia. Kwenye inchi yenye kazi ni shida, huwezi kumwambia mama mwenye anauzisha vinyago pale kama biashara yake ni ya aibu.

Januari 2010 ikafika. Tarehe 12, tetemeko la ardhi likabomoa Port-au-Prince, watu wengi sana wakakufa. Tarehe 15, siku tatu nyuma yake, meli ya utalii ilifika Labadee na watu wakashuka kuogelea. Dunia ikapiga kelele: namna gani mtu anachoma nyama kwenye mchanga wakati kilometa si nyingi watu wako wanachimbua maiti? Sosiete ikajibu kama meli zilileta pia mchele, maharagi na maji, na kwamba serikali ya Haiti yenyewe iliomba safari zisikatwe juu wauzaji wanahitaji mapato. Majibu yote mawili yalikuwa na ukweli ndani. Mimi ninaona kama debati ile ya mwaka 2010 ilikuwa juu ya adabu, na ilificha swali la uchumi: imekuwaje kwamba watu wa pale hawana njia nyingine ya kukutana na mgeni isipokuwa kupitia mlango mmoja wenye ufunguo wake uko Miami?

Swali hilo lilijibiwa mwaka 2024. Magenge yenye silaha yalizidi nguvu Port-au-Prince, sosiete ikasimamisha safari za Labadee. Ilirudi kidogo mwisho wa mwaka, mwaka 2025 ikasimamisha tena. Kwa abiria, ilikuwa badiliko dogo: barua moja ya kusema kama meli itapita bandari nyingine. Kwa muuzaji wa Labadee, siku ile soko lote lilifungwa. Sosiete ilikuwa na bandari nyingi. Bandari ilikuwa na sosiete moja.

Wenzetu wa pwani ya Afrika mashariki wanajua habari hiyo. Novemba 2005 maharamia walishambulia meli ya utalii Seabourn Spirit kwenye bahari ya Somalia, ikiwa njiani kwenda Mombasa. Mwaka 2009 wakashambulia nyingine, MSC Melody, upande wa Shelisheli. Mombasa haikuwa imefanya kosa lolote, lakini sosiete nyingi zikahamisha meli zao na wenye tekisi na wauzaji wa vinyago wakangoja miaka. Meli ina injini, inaweza kuondoka. Gati haiwezi.

MELI NYINGINE YENYE ILITOKA PAPENBURG

Sasa turudi kwetu, juu kuko uzi mmoja wenye unatuunganisha na habari hii yote, na wengi hawaujui.

Meli kubwa za utalii, nyingi zinajengwa Papenburg, mji mdogo wa Ujerumani kwenye mto Ems, kwenye karakana ya Meyer Werft. Tangu miaka ya 1980 karakana hiyo imejenga meli za Norwegian, za Disney, za Celebrity na zingine. Karakana ile ile, mwaka 1913, ilijenga meli moja ndogo, ikaifungua vipande vipande, ikaiweka ndani ya masanduku 5,000, na vyote vikatumwa Dar es Salaam na kutoka hapo na gari la moshi mpaka Kigoma. Walipoiunganisha tena, wakaishusha ndani ya ziwa Tanganyika mwaka 1915. Jina lake lilikuwa Graf von Götzen, jina la yule Mjerumani mwenye alifika ziwa Kivu mwaka 1894. Ilikuwa meli ya vita, ya kutishia Wabelgiji upande wetu. Wajerumani waliizamisha wenyewe Julai 1916 ili isikamatwe. Waingereza wakaitoa chini ya maji mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini na jina Liemba.

Kwa miaka mingi Liemba ilikuwa inatoka Kigoma mpaka Mpulungu, Zambia, na kusimama fasi karibu ishirini. Na hapa ninaomba msomaji aangalie vizuri. Karibu fasi zote hizo hazikuwa na gati. Meli ilikuwa inapiga honi, inasimama kwenye maji marefu, na mitumbwi inatoka kijijini kuja kuizunguka. Watu wanapanda, watu wanashuka, ndagala mkavu unapandishwa kwa magunia, mananasi, mahindi, mafuta ya mawese, kuku. Watalii wazungu walikuwa pia ndani, walilipa darasa la kwanza, na walikuwa wananunua samaki kwa mama mwenye alisimama ndani ya mtumbwi.

Sosiete ya kisasa ingesema kama bandari isiyo na gati si bandari. Lakini kijiji cha kandokando ya ziwa kilipata kitu ambacho Labadee haikupata: meli ilihitaji mzigo wa kijiji, kijiji kilihitaji meli, na mtalii alikuwa abiria kati ya wengine. Watalii wakikosekana mwaka mzima, ndagala uliendelea kupanda. Hata wakati wa vita meli iliendelea kuwa na maana. Mwaka 1997, HCR ilitumia Liemba kurudisha wakimbizi wetu zaidi ya 75,000 kutoka Kigoma mpaka Uvira. Wengi wenye wanasoma hapa wana wazazi ao wajomba wenye walikuwa ndani ya zile safari.

Sisemi kama Liemba ilikuwa paradiso. Ilikuwa inachelewa, inajaa, na kupanda kwenye meli kutoka mtumbwi usiku si mchezo kwa mama mwenye mtoto mgongoni. Ninasema tu kama ilikuwa na mizizi yenye meli kubwa haina.

KWA MACHO YA AGRONOMIA

Mimi nilisoma agronomia, si utalii, kwa hiyo niliangalie jambo hili kwa upande wa shamba.

Mwaka 2001 ugonjwa wa mnyauko wa migomba ulitambuliwa Masisi, na baadaye ukatembea Kivu nzima. Panga moja yenye ilikata mgomba mgonjwa inapeleka ugonjwa kwa mgomba mzima. Nyumba yenye ilikuwa na migomba tu ilibaki mikono mitupu. Nyumba yenye ilikuwa na migomba, maharagi, mihogo na kahawa ilipata pigo, lakini watoto walikula. Kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua somo hilo: usitegemee zao moja.

Sosiete za meli zimesoma somo hilo vizuri sana. Kuongeza bandari, kwao, ni kupanda mazao mengi: Haiti ikifungwa, iko Bahamas, Venice ikikataa, iko Trieste. Kwa hiyo mtu akiniuliza kama inafaa sosiete ziongeze bandari mpya, ninajibu kama kwa sosiete ni ndiyo bila kusita, na kwa mteja vilevile. Ila kwa bandari yenyewe, kuongezwa kwenye ramani si faida mpaka na yenyewe iwe na mazao mengi. Bandari yenye inangoja meli moja ya sosiete moja ni shamba la migomba peke yake.

Na kuko jambo lingine, la chakula. Meli ya watu karibu 10,000, ukihesabu na wafanyakazi, inaomba sahani kama 30,000 kwa siku. Chakula hicho karibu chote kinapakiwa siku moja kwenye bandari ya kuanzia, Miami ao Barcelona, ndani ya malori ya baridi. Kisiwa chenye maembe yanaoza chini ya miti kinaweza kupokea watalii 5,000 asubuhi, na watalii hao wakala maembe yenye yalitoka inchi nyingine. Si chuki. Mnunuzi wa meli anataka tani fulani, saa fulani, tunda lenye ukubwa mmoja, lenye limepimwa dawa, na karatasi ya usafi. Mkulima mmoja mmoja hawezi kumpa hayo. Koperative yenye chumba cha baridi na mtu wa kupanga ubora inaweza. Kwa hiyo, kabla ya kusema watalii watanunua mavuno yetu, tujiulize nani atayakusanya, nani atayapima, na nani atajibu simu saa kumi ya usiku meli ikifika mbele ya saa.

Hiyo kazi ni yetu. Ninasema yetu, siye wenye lisansi ya agronomia, ya uchumi, ya sheria, wenye tunakaa tukingoja ONG ifungue nafasi mbili kwa watu mia tatu.

BASI, JIBU

Nitoe jibu lenye mtu anaweza kulipinga.

Ndiyo, sosiete za meli ziende fasi mpya, na ziende na meli ndogo. Meli ya abiria 200 ao 300 inaweza kuingia bandari ndogo bila kuifunika, na bandari hiyo haiombwi kwanza kujenga gati la mamilioni kwa mkopo wenye meli isiporudi utabaki kwa wajukuu.

Lakini bandari isiseme ndiyo bila kuuliza mambo matatu. Meli hii itanunua nini hapa, tena kwa nani, na hiyo imeandikwa kwenye kontrati? Abiria anaweza kutoka na miguu yake mpaka soko letu, ao kuko fensi? Na meli hii ikiacha kuja kesho, gati hili litatumika kwa kazi gani nyingine?

Kuko rafiki atasema: ukiweka masharti mengi, sosiete itaenda kwa jirani. Ni kweli, na njo ilifanyika Karibiani kwa miaka mingi: kisiwa kimoja kikitaka kupandisha kodi ya abiria, meli inatishia kuhamia kisiwa kingine. Wameisha kuumizwa na mchezo huo kila mmoja peke yake. Ziwa Tanganyika lina inchi nne: Kongo, Burundi, Tanzania na Zambia. Kivu ina mbili. Kama siku moja mtu ataleta meli ya utalii ya maana kwenye maji haya, inchi hizo zikipanga kodi na masharti pamoja kabla hajafika, hatakuwa na jirani wa kukimbilia. Zikingoja afike, ataongea na kila waziri peke yake, na kila waziri atarudi nyumbani akisema ameshinda.

Kwa Banana, Kalemie, Uvira, Baraka na Moba, ninaona gati la kwanza kujengwa liwe la mihogo, la ndagala, la saruji na la wanafunzi wanaorudi likizo. Gati lenye linafanya kazi siku 300 kwa mwaka kwa wenyeji linaweza kupokea watalii siku 20 bila shida. Lile lenye lilijengwa kwa watalii wa siku 20, siku zingine zote linabaki nyasi na mlinzi mwenye halipwi.